Tuligombania barakoa, tukamsahau anayekohoa

Machi 10, 2025 aliyekuwa Waziri wa Afya, Jenista Mhagama, alitangaza kuwa vipimo vya maabara vimethibitisha wagonjwa wawili wa Mpox nchini. Taarifa ilieleza dalili za ugonjwa huo na namna ya kujikinga. Lakini kabla jua halijazama, katika makundi ya WhatsApp ya hapa mjini Babati swali lililotawala lilikuwa moja tu: je, barakoa zinarudi?

Nyuma ya swali hilo wakaja watu wale wale wa mwaka 2020 na 2021, na maneno yale yale. Mmoja akaandika kwamba safari hii havai mtu. Mwingine akamjibu kwamba wenye vichwa vigumu kama yeye ndio waliotumalizia wazee. Wa tatu akarusha klipu ya zamani, wa nne akaweka picha ya kuchekesha. Kundi moja la wazazi wa shule, lililoanzishwa kwa ajili ya michango ya uji wa watoto, likapoteza wanachama watatu usiku ule, na habari ya uji haijazungumzwa tena hadi tunapoandika.

Hakuna aliyeuliza Mpox huambukizwaje. Laiti angeulizwa muuguzi yeyote, angejibu kwamba ugonjwa huo huenea zaidi kwa kugusana ngozi kwa ngozi na mgonjwa mwenye vipele, au kwa kugusa nguo na matandiko yake. Barakoa ina nafasi kwa anayemhudumia mgonjwa kwa karibu, lakini silaha kubwa pale ni kunawa mikono na kutolala shuka moja na mwenye vipele. Siku tatu baadaye, Machi 13, ikatangazwa kuwa mlipuko wa Marburg uliokuwa Biharamulo mkoani Kagera umekwisha. Marburg nayo ina njia yake: majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Huko nako mtu anayevaa barakoa kisha akaosha maiti kwa mikono mitupu hajajikinga.

Machi 24 ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Huo ndio ugonjwa ambao barakoa inauhusu kwelikweli, upo hapa Babati mwaka mzima, na katika makundi yote hayo hatujaona hata mtu mmoja akiutaja. Ndiyo maana wiki hii safu hii inarudi kwenye barakoa. Tuligombana kwa miaka miwili juu ya kipande cha kitambaa, tukaumizana, na tulipomaliza hatukuwa tumejifunza kitambaa hicho ni cha nani, cha wapi, na cha ugonjwa gani.

Turudi nyuma kidogo. Machi 16, 2020, aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa corona nchini, mwanamke Mtanzania aliyetua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji na kufikia Arusha. Kutoka Arusha hadi hapa hazifiki kilomita 200 za lami, na Babati imekaa njia panda: basi la kwenda Singida linapita kwetu, la Dodoma linapita kwetu, na malori hulala hapa. Kesho yake shule zikafungwa. Wiki zile za mwanzo hapakuwa na ugomvi wa kutaja. Mafundi cherehani walishona barakoa za vitenge, watu wakachagua rangi, wengine wakavaa sare ya gauni na barakoa kwenda kanisani. Hata jina tulilipokea bila shida, ingawa ni jina la zamani sana: watu wa Pwani walilijua kama kifuniko cha uso cha mabibi wa Oman na Unguja, muda mrefu kabla halijapanda huku bara na kuwa la dereva wa bajaji.

Kuni za kwanza za ugomvi zilitoka mbali na Babati. Aprili 2020 Shirika la Afya Duniani lilikuwa bado linasema hakuna ushahidi wa kutosha wa kumtaka kila mtu mwenye afya avae barakoa. Juni 5 mwaka huohuo likabadilisha: palipo na maambukizi katika jamii, na watu hawawezi kukaa mbalimbali, wavae barakoa za kitambaa. Kilichobadilika ni kwamba ushahidi ulikuwa umeongezeka kuwa mtu anaweza kuambukiza kabla hajaanza kuumwa, na hofu kwamba wananchi wangezimaliza barakoa za hospitali ilikuwa na jibu kwenye cherehani. Kubadili ushauri kwa sababu umejua zaidi ni jambo la heshima. Kubadili bila kumweleza mama wa genge kwa nini umebadili ni jambo jingine, na hapo wataalamu wa dunia walikosea. Mtu aliyesikia "usivae" mwezi wa nne na "vaa" mwezi wa sita alikuwa na haki ya kuuliza. Aliyemjibu kwanza alikuwa mtu wa klipu.

Hapa nyumbani kukaongezeka ukimya. Aprili 29, 2020 takwimu ilikuwa wagonjwa 480. Idadi iliyobaki kwenye jedwali la dunia kwa zaidi ya mwaka ni 509 na vifo 21, haikupanda wala kushuka. Mei 3, akiwa Chato, Hayati Rais John Magufuli alieleza kuwa sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kwa siri zilikuja na majibu ya kuwa na corona, na mkurugenzi wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi. Julai zikaja kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni, zilizozuia kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa wa kuambukiza bila idhini ya mamlaka husika. Mganga wa zahanati, ambaye ndiye angeweza kuzungumza kwa utulivu ndani ya kundi la mtaa wake, akaona bora anyamaze. Waliobaki wakizungumza ni wale wasio na leseni ya kupoteza.

Palipokosekana takwimu, barakoa ikageuka kuwa takwimu. Watu walihesabu nyuso. Ukimwona mtu kavaa, unajua anaamini nini. Ukimwona hajavaa, unajua yuko upande gani. Kuvaa barakoa stendi ya Babati katikati ya mwaka 2020 kulikuwa kama kupiga kura hadharani. Kondakta alimtania abiria aliyevaa, abiria akaishusha kidevuni. Ofisi nyingine, kwa upande wake, iliweka tangazo getini kwamba bila barakoa huingii, na hapo tukaona maajabu yetu: barakoa moja inaingiza watu watatu, anayetoka anamwachia anayeingia, ikiwa na joto la pumzi yake bado. Kama kungekuwa na mashindano ya kuieneza corona kwa kutumia kinga yake, sisi tungeingia fainali.

Mwishoni mwa Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki likatoa waraka wa kuwaonya waumini kuhusu wimbi jipya. Hilo lilisikika sana huku kwetu, kwenye parokia za Jimbo la Mbulu. Machi mwaka huo Katibu Mkuu wa baraza hilo, Padri Charles Kitima, alisema kwamba ndani ya miezi miwili kanisa lilikuwa limepoteza mapadri zaidi ya 25 na masista 60. Msomaji anakumbuka lugha ya tanzia za siku zile: "changamoto ya upumuaji". Februari 17 tulisikia siku moja vifo vya Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimeeleza kwamba anaumwa corona, na cha Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi Mhandisi John Kijazi. Siku nne baadaye, akiwa kanisani Dar es Salaam, Rais Magufuli alisema Serikali haijakataza barakoa, ila akawataka watu wawe waangalifu na zile za kutoka nje, wapendelee zinazotengenezwa nchini. Kauli hiyo moja iliingia mitandaoni ikiwa vipande viwili. Upande mmoja ulirusha kipande kisemacho hazijakatazwa, upande mwingine ukarusha kipande cha tahadhari juu ya zinazotoka nje, na kila mmoja akaapa kwamba mwenzake amekata klipu. Wote walikuwa wameikata.

Baada ya Machi 2021 mambo yalibadilika. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, takwimu zikaanza kusikika tena katikati ya mwaka, na Julai 28 akachanjwa hadharani. Ugomvi nao ukahama, ukaenda kwenye chanjo, na barakoa ikabaki inaning'inia kwenye vioo vya magari. Haikuwahi kupata hukumu yake. Ndiyo sababu kila ugonjwa unapotangazwa, inafufuka na kesi yake.

Basi tuihukumu sasa, kwa kadiri ushahidi unavyoruhusu. Je, barakoa zilisaidia?

Jaribio kubwa kuliko yote lilifanyika Bangladesh, nchi ambayo vijiji vyake vina mambo mengi ya kufanana na vyetu: soko, msikiti, mikutano, nyumba zilizobanana. Kati ya Novemba 2020 na Aprili 2021 watafiti walichukua vijiji 600 vyenye watu wazima zaidi ya 340,000. Nusu waligawiwa barakoa bure na kuhamasishwa, nusu wakaachwa kama walivyo. Waliohamasishwa, wavaaji walipanda kutoka watu 13 katika kila 100 hadi 42. Kwa ongezeko hilo tu, ambalo halifiki nusu ya watu, idadi ya walioumwa na damu yao ikaonyesha corona ilipungua kwa takriban asilimia 9. Vijiji vilivyopewa barakoa za hospitali vilipata nafuu zaidi, asilimia 11, na kwa wazee wa zaidi ya miaka 60 katika vijiji hivyo upungufu ulifika asilimia 35. Za kitambaa matokeo yake hayakuwa wazi kiasi hicho. Huko Denmark, jaribio la watu kama 6,000 lililotoka Novemba 2020 liliuliza swali tofauti, yaani kama barakoa inamlinda anayevaa katika mji ambao wengine hawavai, na tofauti iliyopatikana ilikuwa ndogo mno kusema lolote kwa uhakika. Januari 2023 ukaja uchambuzi wa mtandao wa Cochrane, mitandao ikapiga kelele kwamba "imethibitika barakoa hazifanyi kazi", hadi mhariri mkuu wake, Karla Soares-Weiser, alipotoa ufafanuzi Machi kwamba huko ni kuusoma vibaya: uchambuzi uliangalia kampeni za kuhimiza uvaaji, na matokeo hayakuruhusu kukata shauri.

Kwa hiyo yule aliyesema barakoa ni ngao ya chuma alidanganya, na yule aliyesema ni kitambaa cha bure alidanganya vilevile. Ilikuwa msaada wa kiasi, mkubwa zaidi kwa wazee, mkubwa zaidi ikiwa ya hospitali kuliko ya kitenge, na mkubwa zaidi wakivaa wengi. Ni jibu lisilopendeza. Haliwezi kuandikwa kwenye picha ya kuchekesha na halimpi mtu yeyote ushindi. Hata hivyo, mzee wa miaka 70 wa Bonga au Galapo angepewa jibu hilo kwa heshima, angejua afanye nini akienda mnadani.

Hoja nyingine za mitandaoni tunaweza kuzipitia haraka. Kwamba barakoa inakufanya uvute hewa chafu uliyoitoa: hewa ni ndogo mno kuliko tone la mate, inapita kwenye nyuzi na pembeni ya mashavu, na daktari wa upasuaji huivaa saa nyingi akiwa ameinama juu ya mgonjwa. Mwenye pumu au tatizo la kifua anaweza kubanwa, huyo azungumze na daktari wake. Mtoto wa chini ya miaka mitano asilazimishwe. Kwamba kuvaa ni kukosa imani: watu wenye imani kubwa tunaowafahamu hufunga milango yao kwa komeo kila usiku, na hatujasikia mchungaji akiwakemea. Kwamba wasiovaa walikuwa wajinga: hili tunalikataa kwa nguvu kuliko yote mawili. Dada wa mboga mboga aliyeambiwa mtandaoni kwamba ni mjinga hakununua barakoa kwa sababu ya tusi hilo. Alitoka kwenye kundi, akahamia kwenye kundi ambalo wanamwita dada.

Sasa tuje kwenye lile linalotuuma.

Mfikirie mtu mwenye kifua kikuu ambaye hajaanza dawa. Anapokohoa, anapoimba, hata anapoongea kwa sauti, hutoa vijitone. Vikubwa huanguka chini karibu yake. Vidogo hukauka hewani na kubaki vinaelea, ndani yake mkiwa na vijidudu hai, kwa saa kadhaa kama chumba hakina upepo. Barakoa ya kawaida ya hospitali haimlindi vizuri anayevuta hewa hiyo, kwa kuwa chembe hizo ndogo zinapita pembeni. Anayehudumia wagonjwa anahitaji barakoa maalumu inayobana uso. Lakini ukiivisha barakoa hiyo hiyo ya kawaida kwenye mdomo wa anayekohoa, inayanasa matone yakiwa bado makubwa na mabichi, kabla hayajakauka na kusambaa. Kitambaa kile kile, kikiwa kwa mtu mwingine, kinafanya kazi tofauti kabisa. Jambo hili moja, kama lingeeleweka mwaka 2020, lingepunguza nusu ya matusi.

Ushahidi wake uko hapa hapa Afrika. Katika mkoa wa Mpumalanga, Afrika Kusini, watafiti waliwaweka wagonjwa wa kifua kikuu sugu katika wodi ambayo hewa yake ilivutwa kwa mabomba hadi kwenye vyumba viwili vya simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofugwa kama sungura. Kila chumba kilikuwa na simbilisi 90. Siku moja wagonjwa walivaa barakoa za hospitali na hewa ikaenda chumba cha kwanza. Siku ya pili hawakuvaa na hewa ikaenda chumba cha pili. Wakapokezana hivyo kwa miezi mitatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Waliovuta hewa ya siku zisizo na barakoa, 69 kati ya 90 waliambukizwa. Waliovuta hewa ya siku za barakoa, 36. Watafiti walikadiria kwamba barakoa ilipunguza maambukizi kwa asilimia 56. Si sifuri, msomaji ameona: simbilisi 36 waliambukizwa. Barakoa haitoshi peke yake, dirisha linahitajika pia. Utafiti wa Lima nchini Peru uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa wodi za kizamani, zenye dari refu na madirisha makubwa yaliyofunguliwa, zilibadilisha hewa vizuri kuliko vyumba vipya vya kutegemea mashine. Wajenzi wa zamani walijua jambo.

Hapa Tanzania hatuzungumzii ugonjwa wa vitabuni. Nchi yetu imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu duniani. Mwaka 2023 ugonjwa huo uliua watu milioni 1.25 duniani na kurudi kileleni mwa magonjwa ya kuambukiza yanayoua kwa chanzo kimoja, nafasi ambayo corona ilikuwa imeishika. Mkoa wetu wa Manyara una Mirerani, ambako wachimbaji wa tanzanite huvuta vumbi la mawe miaka na miaka. Mapafu yaliyokwaruzwa na vumbi hilo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi, na wataalamu wa Hospitali ya Kibong'oto, kule Siha, wamekuwa wakiwafuatilia kwa muda mrefu. Wachimbaji hao hurudi makwao. Wanapanda mabasi, wanapita stendi yetu, wanalala kwa ndugu zao Maisaka na Bagara, kisha wanapanda kwenda Dareda, Bashnet au Mbulu. Na mwezi wa sita na wa saba, baridi ya huku ikikaza, dirisha la basi hufungwa mwanzo hadi mwisho wa safari. Miezi mingine hufungwa kwa sababu ya vumbi.

Sasa sikiliza kinachotokea katika chumba cha kusubiri. Muuguzi wa zahanati moja ya pembezoni mwa mji alitueleza kwamba kabla ya corona, ukimpa mtu anayekohoa barakoa, aliipokea kama dawa nyingine yoyote. Aliona haya kidogo, akaivaa. Siku hizi anaisukuma. Mmoja anauliza, "Kwani mimi nina corona?" Mwingine anasema hizo ni za watu wa mtandaoni. Kijana mmoja aliyekohoa wiki tano aliinuka akatoka nje, akaenda kukaa chini ya mti, na hakurudi jina lake lilipoitwa. Muuguzi alimkuta mtaani baada ya siku kadhaa, akambembeleza kama anavyobembelezwa mtoto, ndipo akaleta makohozi. Yalikuwa na vijidudu. Nyumbani kwake kuna bibi na watoto wawili.

Hiyo ndiyo bei, na wanaoilipa si wale waliokuwa wakirushiana maneno. Wale wamejitoa kwenye kundi la uji, basi. Anayelipa ni bibi, ni mtoto, ni mwalimu anayekaa kiti cha nyuma ya mtu kutoka hapa hadi Kondoa, ni muuguzi mwenyewe. Tulikichukua kifaa cha shilingi mia chache, kisicho na chama wala dhehebu, tukakipaka siasa, hofu na kejeli, kisha tukamrudishia muuguzi na kumwambia akitumie.

Kuna watakaosema dawa ni kuwanyamazisha watu mitandaoni. Tulijaribu, na tumeona. Ukimya wa 2020 haukupunguza uvumi, uliupa nafasi ya kukaa. Linganisha na Marburg ya Biharamulo: Januari 20 Rais mwenyewe alitangaza, akiwa Dodoma na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, na mlipuko ulipoisha tukaambiwa umeisha, pamoja na idadi ya waliokufa. Uvumi ulikuwepo, lakini ulikuwa na kitu cha kugonga. Tunaiomba Wizara iendelee hivyo hivyo kwa Mpox na kwa kitakachofuata, na ishuke hadi ngazi ya halmashauri: Mganga Mkuu wa Mji awe na ruhusa ya kuandika mistari mitano kwa Kiswahili cha kawaida, siku ileile, akieleza ugonjwa unapita wapi na barakoa ina kazi au haina. Mistari hiyo ndiyo irushwe kwenye makundi. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wamo tayari ndani ya makundi hayo, wanasoma, wanauma meno. Wapewe cha kusema.

Kwa zahanati na vituo vya afya, jambo dogo: boksi la barakoa liwekwe dirishani pa mapokezi, na apewe kila anayekohoa, tajiri na maskini, mwenye mafua ya siku mbili na mwenye kikohozi cha mwezi. Zikigawiwa kwa wote, hazimwonyeshi kidole mtu yeyote. Anayekohoa atangulizwe foleni, hilo nalo linampa sababu ya kuipokea. Benchi la kusubiri litolewe nje, chini ya kibaraza. Hali ya hewa ya Babati inaruhusu miezi mingi ya mwaka. Wenye mabasi ya kwenda Arusha, Singida na Dodoma tunawaomba vitu viwili: dirisha moja mbele na moja nyuma yabaki wazi hata kama ni kwa upana wa viganja viwili, na kondakta aache kumtania aliyevaa. Hajui kama ameivaa kwa kuogopa au kwa kukulinda wewe.

Na wewe unayesimamia kundi la mtaa, la kikoba au la wazazi, huna haja ya kumfukuza mtu. Ugomvi wa barakoa ukianza, uliza swali moja: ugonjwa gani? Ukijibiwa, uliza la pili: unapitia wapi? Mara nyingi kundi litanyamaza kwa dakika kadhaa watu wakitafuta jibu, na hizo ni dakika nzuri.

Haya ndiyo ya kuweka mkononi. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, kutokwa jasho jingi usiku, kupungua uzito, au makohozi yenye damu: nenda kituo cha afya, na ukifika uliza kipimo cha makohozi. Anayeishi na virusi vya Ukimwi asisubiri wiki mbili, aende akianza tu kukohoa. Kipimo ni bure na dawa ni bure katika vituo vya umma. Kabla hujaingia chumba cha kusubiri omba barakoa, usingoje kupewa. Ukiwa huna, kohoa kwenye kiwiko au kwenye khanga, na kaa upande wa mlango. Dawa za kawaida ni za miezi sita na zinamezwa zote, hata ukijisikia mzima mwezi wa pili. Ila uwezo wa kuambukiza wengine hupungua sana mapema zaidi, kwa wagonjwa wengi ndani ya wiki chache za mwanzo, na mhudumu ndiye atakayekuambia umefika wapi. Anayeanza dawa mwezi Machi, kwa kifua kikuu kisicho sugu, yawezekana kabisa akaambiwa aivue barakoa kabla masika hayajakatika.